Ng'ombe Anayeomboleza

"Binadamu ndiye anayeomboleza, mama! Ng'ombe analia tu," Swaliki, mchuuzi wa mifugo, alifoka wakiwa juu ya lori la kwenda Busia. "Au tumpigie ngoma ya matanga?"

"Anamwita ndama wake aliyekufa. Huko ni kuomboleza!" Norah alikuwa amemnunua ng'ombe huyo kwa Swaliki huko Tororo asubuhi, mjukuu wake aliyefiwa na mama apate maziwa, na hata tone halikutoka. "Ngozi ya ndama iko wapi?"

"Hii hapa, nimeikalia. Naipeleka kwa Mhindi anayenunua ngozi."

"Inuka!"

Lori liliposimama, Norah aliijaza ngozi nyasi za kando ya barabara ikafanana na ndama, akamwekea ng'ombe puani. Ng'ombe akairamba, akanyamaza. Norah akachuchumaa, akakamua, maziwa yakaja.