Félicité Asende, Mjane Aliyeitwa Mwendawazimu

Mama Félicité Asende alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha wavuvi huko Ubwari, kando ya Ziwa Tanganyika.

Alisoma shule ya msingi Swima. Mwalimu alizoea kumtoa nje kwa kucheka darasani; naye alisimama dirishani, akaendelea kucheka mpaka darasa zima likaharibika.

Mwaka 2003 alihamia mji wa Baraka, akajifunza ushonaji. Sare nyingi za kwaya mnazoziona hapa leo zilitoka mikononi mwake.

Mwaka 2005 alifunga ndoa na Raphaël, mvuvi wa Mboko, wakapata watoto wawili. Agosti 2016 Raphaël alizama ziwani na mwili haukuonekana. Katika familia yetu, aliyebaki majini husemeshwa na mjane wake kila asubuhi mpaka matanga yavunjwe. Félicité akawa anashuka ufukweni kumpa mumewe habari za watoto. Majirani wakasema amerukwa na akili. Shemeji yake akampeleka kwa daktari mmoja, mbali na hapa.

Daktari huyo alisema Kifaransa, mkalimani akatafsiri.

“Unasikia bwana yako anasema?”

“Ndiyo. Iko ananijibu.”

Basi, yakaisha. Daktari akaandika wazimu, akaita mgonjwa mwingine. Félicité alipokataa sindano, wanaume wawili walimkalia mgongoni, wakamfunga kwa kitenge chake mwenyewe. Tunalisema hili mbele ya jeneza lake.

Alirudi baada ya mwaka mzima wa sindano, udenda ukimtoka, shingo imekakamaa, mikono ikitetemeka. Nasi tulimpokeaje? Kwaya ilimfuta katika orodha ya waimbaji. Wateja walikimbia. Wapo waliotema mate alipopita, na baadhi yao wamekuja leo na maua. Familia imeyaona maua hayo.

Mwaka 2018 alifika Baraka daktari mwingine, Darius. Yeye alimketisha Félicité pamoja na dada yake, Immaculée, akauliza: “Mama, kwenu muntu akibakia mu maji, munafanyaka nini?”

Félicité alilia kwanza. Kisha akasema: “Balinipiga masindano mwaka muzima, hata mumoja hakuniuliza ile.”

Daktari alimpunguzia dawa polepole mpaka zikakoma. Familia ikavunja matanga ya Raphaël, na tangu hapo hakushuka tena ufukweni. Ila mikono haikutulia. Hakushona tena.

Aprili 2024 alishikwa na kikohozi na homa. Kila tulipotaja hospitali alikumbatia nguzo ya nyumba: “Batanifunga tena.” Tulimbembeleza, tukamwapia, akakataa. Tulipombeba hatimaye, alikuwa hajitambui. Alifariki kwa nimonia tarehe 9 Mei. Wauguzi walisema angefika mapema angepona. Tunajua ni nani waliomfundisha kuiogopa hospitali, na midomo yetu inatuwasha kuwataja.

Ameacha watoto wawili, Dany na Tania, dada yake Immaculée, na wajomba na binamu huko Ubwari na Swima.

Mungu ampokee, amketishe, na amsikilize mpaka amalize kusema.