Kiduchu Kisicho Sifuri

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kama Mwalimu Kiduchu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto pekee wa mama mshona nguo. Kutoka hospitali alibebwa na mjomba wake, anayeusoma wasifu huu, fundi ambaye hakuna tangi lake la maji lililowahi kuvuja. Asiyeamini aulize.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya karakana ya mjomba, kisha sekondari ya bweni, hadi chuo kikuu, akazama kwenye hesabu. Mjomba aliishia darasa la sita, kwa hiari yake.

Kuanzia 1999 alifundisha chuoni, ofisi yake ikiwa chumba cha mwisho cha korido. Kiti cha wageni alikipangia vitabu kwa kukosa wa kukikalia. Alishughulikia pete, yaani mifumo ambamo vitu vinajumlishwa na kuzidishwa kama namba. Katika pete ya kwake aliongeza kitu alichokiita kiduchu: si sifuri, ila ukikizidisha chenyewe kwa chenyewe, kinakuwa sifuri.

"Sasa hicho kinafaa nini, we mtoto?" mjomba alimtania mbele ya ukoo mzima. "Kinachota maji?"

"Mfuniko wako wa tangi, mjomba, una futi tatu kila upande. Tuseme kila upande umepita kipimo kwa kiduchu kimoja. Piga tatu na kiduchu, mara tatu na kiduchu. Unapata tisa na viduchu sita. Kiduchu mara kiduchu kimejifuta. Hiyo sita inakuambia kosa lako linakua kwa kasi gani. Hata hesabu iwe ndefu kama reli, njia ni hiyohiyo."

"Mimi sikosei!"

Watu wakaangua kicheko. Marehemu naye akacheka, kisha akaenda kuosha vyombo peke yake.

Hakuolewa; mchumba alihamia mbali, barua zikakoma. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja, redio ikiwaka ili nyumba iwe na sauti.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Jioni ya tarehe 13 Juni 2023, mjomba alikaa kando ya kitanda chake, akachorachora shuka kwa kidole.

"Sasa tangi zima. Tatu na kiduchu, pande zote: urefu, upana, kina. Ishirini na saba... na viduchu ishirini na saba. Haya, sema nimekosa."

Mgonjwa alimtazama sana. "Hujakosa, mjomba." Baadaye, akiwa amefumba macho: "Kumbe tuko wawili."

Alitutoka alfajiri iliyofuata.

Ameacha mama, mjomba, wanafunzi wake, na kiti cha wageni, ambacho mjomba amekiondolea vitabu. Pumzika, mwanangu. Atakayeuliza kiduchu kinafaa nini, aje karakana.