Jeremy Wachira na Figo Zilizokaa Dawani Wakati wa Pasaka

Mpendwa wetu Jeremy Wachira alizaliwa Mutuini tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa Mama Waithera na marehemu Mzee Ndungu. Krismasi moja, akiwa na miaka tisa, alikatakata figo ya mbuzi kwa wembe wa baba ili aone ilivyo ndani. Baba alinyoa ndevu kwa wembe huo huo bila kujua.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, akasomea kazi ya maabara jijini. Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na Peres, muuguzi aliyekutana naye Parklands.

Kuanzia 1984 alifanya kazi katika maabara moja huko Parklands. Alichunguza protini zinazobeba glutamati, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari. Protini hizo zimo pia kwenye figo, ambako huirudisha glutamati mwilini isipotelee kwenye mkojo. Mwaka 2005 aliripoti kwamba figo za wagonjwa wa presha zina protini hizo chache. Tulichinja mbuzi, na mimi dada yake Wanjira, ninayesoma haya, nikawatangazia wageni kwamba kaka yangu ataitwa Ulaya.

Julai 2006 aligundua kosa lake. Vipande vya figo za wagonjwa vilikuwa vimekaa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, siku nne, wikendi nzima ya Pasaka. Vya wasio na presha, siku moja tu. Rangi ya kupimia protini ilififishwa na dawa, si na presha. Alikuja kwangu kwanza.

"Wanjira, kesho namwambia mkuu wetu wa maabara, Daktari Komal."

"Kwani ukinyamaza nani atajua? Unataka watu watucheke?"

"Kuna wagonjwa watatibiwa kwa hayo makosa yangu."

Alimwambia. Ripoti ikaondolewa, akashushwa cheo. Nasi tukamwonea haya. Kanisani niliwaambia watu kwamba yuko likizo. Krismasi ile Peres alipiga simu kuuliza waje saa ngapi. Nilimjibu kwamba mwaka huu hatupiki. Tulipika.

Jeremy alirudia kazi yote kwa miaka miwili. Ile tofauti haikuwapo. Akaandika hivyo na kutia jina lake. Jana Daktari Komal aliniambia kwamba wanafunzi wake wote huanza kwa kusoma ripoti hiyo. Mimi sijawahi kuisoma.

Februari 2009 alipatikana na saratani ya tumbo. Nilimtembelea mara moja tu, Oktoba, nikiwa nimejiandaa kumwomba radhi. Tukazungumza habari za mvua. Alifariki Jumanne, tarehe 17 Novemba 2009, nyumbani kwake Uthiru, Peres akiwa amemshika mkono.

Ameacha mkewe Peres, watoto wake Janice na Haron, Mama Waithera, na dada mmoja. Mungu ampe pumziko la amani. Msamaha wake nauomba mbele yenu, kwa kuwa nilishindwa kuuomba mbele yake.