Titus Kitheka Wathome, Msimamizi Aliyepeleka Sifa kwa Mama

Titus Kitheka Wathome alizaliwa tarehe 12 Machi 1966 karibu na Kathiani, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wathome na Mama Mbithe, ambaye ameketi nasi hapa mbele. Alizaliwa saa nane mchana, jambo ambalo mama yake alimkumbusha kila alipochelewa kuamka.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na nyumbani hadi darasa la saba, mwaka 1981. Masomo hayakumpenda, naye hakuyabembeleza. Siku ya kufunga shule, mwalimu mmoja alimwambia Mama Mbithe mbele ya wazazi wote kwamba kijana wake hatafaa kwa lolote. Mama alirudi nyumbani mwendo wa saa nzima bila kusema neno, Kitheka akimfuata nyuma. Fimbo angeisahau. Kimya kile kilimuuma maisha yake yote.

Tarehe 7 Desemba 1991 alimwoa Ndila. Alipoenda kwao kuposa, alimsifu binti kwa mama mkwe kwa dakika arobaini: usafi, bidii, jinsi anavyowahi. Mwishowe mama mkwe akamuuliza, "Sasa wewe, unataka kumwandika kazi ama kumwoa?"

Kufikia wakati huo alikuwa na miaka minne akivunja mawe kwenye machimbo ya kokoto huko Lukenya. Mwaka 2004 akafanywa msimamizi, akakuta vijana wanaofanya kazi wakiangalia saa. Kampuni ilileta mtaalamu kutoka Nairobi kuwapa moyo. Mtaalamu aliwapigisha makofi, akawagawia fulana, na kufikia Jumatatu fulana zilikuwa za kupangusia trekta.

Marehemu alikuwa na dawa yake. Kila Jumamosi mchana alinunua kilo moja ya sukari, akaenda hadi nyumbani kwa mama wa kijana aliyefanya vizuri wiki hiyo, akaketi na kusema, "Mwaitu," yaani mama, "nimekuja kukushukuru. Mtoto wako anafanya kazi." Hakuongeza kitu, alingoja chai tu. Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari. Wanaume wenye ndevu zao wakaanza kunyang'anyana mitaimbo ya kuvunjia mawe.

Abdilatif, karani wa mizani, alidhani ameponea, kwa kuwa mama yake, Deka, aliishi Garissa na hakujua Kiswahili. Marehemu alimpigia simu mama huyo na kumfanya Abdilatif awe mkalimani wa sifa zake mwenyewe. Alisifu kwa dakika tano. Abdilatif, kwa aibu, akatafsiri kwa maneno matatu. "Rudia," marehemu akamwambia. "Na ile ya uaminifu usiiruke."

Hatusemi hakukosea. Oktoba 2014 alikwenda Matuu kwa mama wa kijana aitwaye Ngui. Machimboni kulikuwa na akina Ngui wawili, wote wa Matuu: mmoja alivunja mawe kuliko mashine, mwingine alilala nyuma ya lori. Marehemu alishasema maneno yake, jogoo ameshachinjwa na kupikwa, naye anakula paja, ndipo alipoinua macho akaona picha ukutani. Ni yule wa nyuma ya lori. Mama mtu alikuwa akifuta machozi. "Ni Ngui wangu unasema?" akauliza. Marehemu alimeza kwanza. "Ni yeye," akasema.

Jumatatu Ngui alifika saa kumi na mbili asubuhi, amekasirika. Mama yake alikuwa amemtolea ushuhuda kanisani, na sasa hakuwa na mahali pa kulala. Hajalala tangu siku hiyo, na leo ndiye msimamizi. Ngui mwingine alitembelewa Jumamosi iliyofuata, na marehemu akala kuku wa pili.

Mwaka 2019 kampuni ilimpa marehemu cheti na saa ya ukutani. Alivipeleka kwa Mama Mbithe, naye Mama akavitazama pande zote. "Asante, saa nilikuwa nahitaji," akasema. "Lakini hakuna mtu amekuja?"

Januari mwaka huu wa 2025 aliugua moyo. Akiwa kitandani alimwambia Ndila, "Mama hajawahi kuambiwa. Na mimi siwezi kujipeleka." Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Mei, alfajiri, akiwa na miaka 59.

Jumatano iliyopita lori la kokoto liliingia kwa Mama Mbithe likiwa na watu arobaini na mmoja, wameoga, wamevaa ovaroli safi. Ngui alitangulia na kilo ya sukari. Akaketi. "Mwaitu, tumekuja kukushukuru. Mtoto wako alifanya kazi."

Mama Mbithe, mwenye miaka 88, akauliza, "Ni Kitheka wangu unasema?"

"Ni yeye," Ngui akasema.

Mama akaitisha chai.

Marehemu amemwacha mama yake Mbithe, mkewe Ndila, watoto wao Mwendwa na Lenny, wajukuu watatu, na wafanyakazi arobaini na mmoja. Apumzike sasa. Mama ameambiwa.