Ombi la Kiti Kimoja Ghalani

Mgeni rasmi na mwenyekiti wa kampuni, Bwana Nasir Alwi, meneja wetu, msimamizi wetu Bwana Wekoye, na wenzetu wote, hamjambo.

KARIBU
Karibu Kitale. Umetukuta tumefagia na mashine zimezimwa, kwa hivyo pengine unaona ghala hili ni mahali patulivu. Kuanzia Jumatatu hutamsikia hata mtu aliye kando yako.

TULIKOTOKA
Ghala lilifunguliwa mwaka wa 2001. Tunachambua mahindi ya mbegu, tunayatia dawa, tunayapakia na kushona mifuko. Mbegu lazima ifike madukani Bungoma, Webuye na Moi's Bridge kabla ya mvua. Mkulima akichelewa kupanda, mwaka wake umeharibika. Hilo tunalijua, maana wengi wetu tuna mashamba.

Tangu mwanzo tulikuwa na desturi: mtu akiondoka kwenye laini ya kazi, mwenzake wa kando anabeba kazi yake. Kwa hivyo hakuna aliyeondoka. Ukiulizwa kama umechoka, jibu lilikuwa, "Bado niko."

MWENZETU PHELISTA NEKESA
Phelista, mzaliwa wa Cheptais, alikuwa mshonaji wa mifuko. Msimu wa 2005 tarehe ya kumaliza ililetwa karibu zaidi, naye akaanza kuja kazini macho mekundu. Alimwambia Nabwile, aliyeshona kando yake, kwamba hata akiwa kitandani anasikia mashine, na moyo unamwenda mbio kama mtu anayekimbizwa. Chai ya saa nne alikuwa haigusi.

Siku moja alishona mfuko kabla haujatiwa mbegu, akauweka kwenye rundo, akavuta mwingine. Bwana Wekoye aliuinua kwa kidole kimoja.

"Phelista, watu wa Webuye unawauzia hewa, bana?"

Ghala zima lilicheka. Phelista naye alicheka, akafumua uzi. Nabwile alimshauri akae kidogo.

"Nikae wapi? Na nikikaa, si ni wewe utashona yangu? Bado niko."

Wiki hiyohiyo alianguka mashineni. Hospitalini walisema ni presha, na hakurudi. Wachache wetu tulienda kumzika. Wengine walibaki kwa sababu malori yalikuwa yakingoja. Mamake hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama huko kazini mtoto wake alikuwa akipata mahali pa kupumzika.

MAFANIKIO
Baada ya matanga Nabwile alileta kiti cha mbao kutoka kwake, akakiweka kando ya mashine ya kushona. Anayehisi moyo unamwenda mbio anakaa. Haulizwi kitu. Kazi yake inagawanywa kwa laini nzima, haimwangukii mtu mmoja. Mwanzoni tuliona aibu kukikalia. Wa kwanza kukaa bila kuitwa alikuwa Bwana Wekoye, na tunamshukuru mbele yako. Msimu uliopita tulimaliza kwa wakati.

CHANGAMOTO
Tarehe ya kumaliza mwaka huu imeletwa karibu tena. Hatulalamiki sana, maana mvua hatuwezi kuiandikia barua. Lakini mwezi uliopita tuliamriwa kiti kiondolewe kabla ya Jumatatu. Tuliambiwa kinawazoesha watu uvivu.

OMBI
Tulikuwa na mengi ya kuomba: glavu, vitambaa vya kuziba pua wakati wa dawa, na paa la upande wa choo. Tulipokaa kuandika tuliyafuta yote, yasije yakaficha hili moja. Tunaomba kiti kibaki.

Tunaomba pia utujibu leo, kabla hujapanda gari, meneja akisikia. Ukikataa, tutakitoa wenyewe bila fujo na kazi itaanza kama kawaida. Ukikubali, Jumatatu mtu akichoka atasema, "Nimechoka," na mashine zitaendelea kunguruma.

Mungu akulinde barabarani, akupe usingizi mzuri, wewe na watu wa nyumbani kwako.

Ni sisi, wachambuzi, wapakiaji na washonaji wa Ghala la Mbegu la Kipepeo, Kitale, mwaka wa 2007.
Imesomwa kwa niaba yetu na Agneta Wakoli.