Kalamu ya Mkono Mmoja

MWANAKOMBO: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

MUDATHIR: Shikamoo dada. Mdogo wako, Mudathir. Simu yangu imezima, hii ni ya Gervasi mwenye duka la vifaa vya ofisi.

MWANAKOMBO: Marahaba. Nilikuwa nakutafuta tangu saa—

MUDATHIR: Kabla hujanigombeza, nisikilize. Leo mjinga ni mimi. Nimeshajitangaza hapa dukani mbele ya wateja, Gervasi kanipigia makofi.

MWANAKOMBO: Mjinga wa kiasi gani? Maana ile kalamu yako ya asubuhi imeniangukia mimi.

MUDATHIR: Lakini ilikuwa nzuri, dada. Rangi ya damu ya mzee, pete mbili za dhahabu kiunoni, inateleza mkononi kama—

MWANAKOMBO: Nilikuagiza kitu kimoja. Kalamu ya wino, ya kubonyeza, ukibonyeza ncha inatoka. Ukaleta ya kuzungusha.

MUDATHIR: Nilimwuliza Gervasi, akasema na hiyo pia ncha inajificha ndani, haina kifuniko cha kupotea. Mimi macho yakabaki kwenye zile pete.

MWANAKOMBO: Inajificha, ndiyo. Kuitoa sasa. Huku ushike, huku uzungushe. Mikono miwili. Baba tangu augue anao mmoja. Aliishika kwa meno, Mudi.

MUDATHIR: Kwa meno?

MWANAKOMBO: Akaing'ata nyuma, akazungusha mbele. Wino ukamshuka ndevuni. Asia ndiye aliyemfuta, na Asia mwenyewe ndiye anayeposwa leo. Mtoto badala ya kupakwa hina anasugua ndevu za babu yake kwa limau.

MUDATHIR: Ndiyo maana ukairudisha na bodaboda bila hata salamu.

MWANAKOMBO: Salamu ningekutumia wewe, yule boda angekataa kuzibeba.

MUDATHIR: [Anacheka] Haya, nimestahili. Saa ngapi wanafika hao washenga?

MWANAKOMBO: Wakishaswali alasiri tu wapo mlangoni. Barua yao ya posa ililetwa Ijumaa ndani ya leso, imeandikwa kwa mkono, na jibu lirudi kwa mkono. Nyumba hii unajua majibu yanaandikwa na nani.

MUDATHIR: Nusu ya barua za posa za Ujiji kaandika Baba, dada, usinihubirie.

MWANAKOMBO: Basi leo ba'mdogo Iddi ameshakaa barazani na peni yake sikioni. Hasemi kitu. Anasubiri tu Baba ashindwe, aambiwe, "Iddi, andika wewe." Na Baba anamwona pale alipo.

MUDATHIR: Kwani Baba hawezi kutumia peni ya kawaida siku moja tu?

MWANAKOMBO: Nilimwambia. Kaniuliza kama mjukuu wake anaposwa au anaandikiwa orodha ya sokoni.

MUDATHIR: [Anacheka] Basi bado ni yuleyule.

MWANAKOMBO: Ungejua.

[Mtandao unakwaruza.]

MUDATHIR: Haloo? Dada? ... Haya, sikiliza, zimebaki tatu za kubonyeza. Zote nimezijaribu, zinalia ka, ka, Gervasi ananiangalia kama nimemshikia mke. Ya kwanza kijani ya mgomba, ina njano huku juu—

MWANAKOMBO: Baba, mtu wa Simba, umpe kijani na njano? Unataka augue mara ya pili?

MUDATHIR: Hiyo tumeiweka chini. Ya pili, bluu. Dada, hii bluu ukiiona. Ni ziwa lenyewe saa nne asubuhi, na mistari ya fedha inapita ubavuni kama dagaa akijigeuza. Ina kibano cha mfukoni cha fedha, kirefu, kizito. Mtu akiitoa mfukoni mbele ya washenga wataanza kujirekebisha kofia.

MWANAKOMBO: Na ya tatu?

MUDATHIR: Ya tatu iache. Nyeusi, haing'ai, utadhani imetoka chunguni. Haina hata kibano, ina kijinundu kidogo isibingirike mezani. Kama bolti ya pikipiki.

MWANAKOMBO: Haimwagi wino?

MUDATHIR: Hakuna inayomwaga. Gervasi anasema kuna kijilango ndani, ncha ikirudi kinajifunga, wino haukauki. Kaniapia kwa kahawa ya baba yake huko kwao Kalinzi.

MWANAKOMBO: Kibano cha hiyo bluu kiko upande gani?

MUDATHIR: Upande gani tena? Kibano ni kibano.

MWANAKOMBO: Kiko nyuma kwenye kitufe, au mbele kwenye ncha?

MUDATHIR: Ngoja. ... Mbele. Kwenye hizi za kubonyeza kinakaa mbele, ili ukiweka mfukoni ncha iangalie juu.

MWANAKOMBO: Palepale pa vidole.

MUDATHIR: Katikati yake. Lakini hakisumbui. Gervasi kaandika, mimi nimeandika, hata mama mmoja aliyekuja kununua bahasha kaandika. Mkono wa kulia kinakaa kama kimezaliwa hapo.

MWANAKOMBO: Mkono upi umesema?

MUDATHIR: Wa kulia. Wa kuandikia.

MWANAKOMBO: Mudathir. Wa kulia ndio uliolala. Tangu masika. Haushiki kijiko. Baba anaandika kwa kushoto, mwezi wa tatu huu. Alianza na penseli, kwenye daftari za watoto, herufi moja moja, a, be, che, mtu aliyewafundisha wengine kuandika. Alikuwa anaona haya kumjibu mshenga kwa mkono wa kushoto, mpaka Shehe kaja kukaa naye akamwambia hakuna neno. Wewe hukujua ni mkono upi?

MUDATHIR: Nilijua... nilijua ni upande mmoja.

MWANAKOMBO: Upande mmoja.

MUDATHIR: Si natuma kila kitu, dada? Fimbo nilituma. Kiti cha bafuni nilituma. Ile dawa ya kuchua—

MWANAKOMBO: Ulituma. Kila wiki boda anapiga honi, watoto wanaimba, "Mjomba amefika," wakitoka ni mfuko. Toka huko Mwanga ulipo mpaka hapa Ujiji, Mudi, mtu anakuja kwa miguu.

MUDATHIR: Kazi—

MWANAKOMBO: Usiseme kazi. Umekaa dukani tangu asubuhi unabonyeza kalamu.

[Mtandao unakwaruza.]

MUDATHIR: Siku ile alipougua, alikuwa anabishana na mimi.

MWANAKOMBO: Najua.

MUDATHIR: Kisa ukuta wa uani. Ukuta, dada. Mimi nikapandisha sauti, yeye akasimama, halafu aka—

MWANAKOMBO: Daktari alisema presha. Alikuwa nayo miaka. Hakuna mtu katika nyumba hii aliyesema jina lako, isipokuwa wewe mwenyewe hapo ulipo.

MUDATHIR: Gervasi ananiashiria kwa kidole, vocha yake inaisha.

MWANAKOMBO: Basi chukua nyeusi. Kushoto anashika tofauti, kalamu anailaza, vidole vinapita pale mbele. Kibano kitamkaba.

MUDATHIR: Nyeusi ni mbaya, dada. Siku yake ya kwanza kurudi kuandika, nimpe bolti? Bluu kibano kinaweza kukatwa, Gervasi ana msumeno—

MWANAKOMBO: Nyeusi.

MUDATHIR: Washenga watasema watoto wake wamemnunulia—

MWANAKOMBO: Washenga watasoma barua. Mbona wewe unang'ang'ania rangi kama ndiyo iliyougua?

MUDATHIR: Kwa sababu rangi ndiyo pekee ninayoweza kuichagua vizuri! Hayo mengine yote nimeyaharibu.

MWANAKOMBO: Mudi, simu hii nimeiweka sauti ya nje. Nilikuwa namkunjia Baba mikono ya kanzu.

MUDATHIR: ... Tangu lini?

MWANAKOMBO: Tangu shikamoo.

MUDATHIR: Shikamoo Baba.

[Mtu anakohoa.]

MZEE ABDULKARIMU: [Polepole] Marahaba. Hiyo nyeusi. Inabonyezeka kwa kidole gumba?

MUDATHIR: Inabonyezeka, Baba. Nimeijaribu. Hata ukiigonga mezani kwa nyuma, ncha inatoka. Sikutaka kusema kwa sababu haina sura.

MZEE ABDULKARIMU: Na mimi mdomo umeenda upande. Tutafanana.

MUDATHIR: [Anacheka, anajikatisha] Baba...

MWANAKOMBO: Fanya haraka, jua halimsubiri mtu, Iddi huko ameshaomba karatasi.

MUDATHIR: Haya. Nyeusi. Gervasi anaifunga, hapana, Gervasi, usiweke boksi, hana mkono wa kufungulia boksi. Nampa boda sasa hivi. Tatizo yule wa asubuhi kaondoka, na hawa wapya hapa wananiambia Ujiji wanaishia sokoni. Nipeni dakika mbili nitafute boda anayeijua nyumba.

MZEE ABDULKARIMU: Anayeijua nyumba ni wewe.