Waziri Yupi?

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la vioo, ng'ambo ya jengo jipya la soko, na lina miguu mitatu na tofali. Hapo mimi naitwa Dakika, kwa kuwa natengeneza saa na sina uvumilivu na watu wanaochelewa. Kushoto kwangu hukaa Jaji, fundi viatu, ambaye hajakanyaga mahakamani hata kwa bahati mbaya, ila huhukumu kila apitaye. Kulia kwangu ni Daktari, anayetibu redio. Pembeni hukaa Waziri, mfagiaji wa jengo la soko, mtu wa koti na tai hata akishika ufagio. Siku hiyo nafasi yake ilikuwa tupu. Juzi yake alikuwa ameteleza ngazini, akavunjika mguu, akalazwa hospitali kuu. Na mbele yetu alisimama Dada Pindo, fundi cherehani, ana barua mkononi na macho yamemvimba kwa kulia.

Kisa chenyewe ni hiki. Pindo ameshona chini ya turubai miaka tisa, mvua yake, jua lake. Aliomba chumba katika jengo jipya. Kura ya vyumba ikapigwa ndani, mlango umefungwa, afisa wa soko na watu wake wawili. Lakini ndani humo alikuwemo Waziri anafagia, na mfagiaji nani humtazama? Akaona karatasi ya chumba namba saba inatoka na jina la Pindo. Akaona afisa anaitia mfukoni, anatoa nyingine kwenye mfuko wa pili. Kesho yake orodha ikabandikwa: chumba namba saba ni cha shemeji yake afisa. Waziri akatusimulia, Pindo akapeleka lalamiko Tume ya Maadili, na sisi ndio tuliomsaidia kuandika. Mungu atusamehe.

— Hebu soma tena pale kwenye mashahidi, — Jaji akamwambia.

Pindo akasoma, sauti inakwaruza:

— "Shahidi wa kwanza, Waziri: tunaomba utaje ni wa wizara gani. Shahidi wa pili, Jaji: wa mahakama ipi? Shahidi wa tatu, Daktari: wa hospitali gani?"

— Unaona! Wameshtuka hao! — Daktari akapiga goti. — Tume nzima imetetemeka. Waziri, jaji na daktari kwenye karatasi moja? Nani alale?

— Wametetemeka wapi? — nikamjia juu. — Wameuliza swali la mtu mwenye akili. Mnaandika majina ya kijiweni kwenye karatasi ya serikali, aibu hamna?

— Dakika, tulia. Haraka haraka haina baraka.

— Siku kumi na nne mmepewa za kusahihisha! Mmekaa na barua ya watu siku kumi na tatu mnaijadili. Leo ndiyo ya mwisho, saa kumi jioni wanafunga. Baraka gani mnaingoja?

— Siku kumi na nne ni mtego, — akasema Jaji, akipuliza kikombe. — Wanakuchosha. Ukichoka, unaacha. Ndiyo maana wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi. Barua kama hii ilitakiwa ikunjwe siku ileile, itiwe kabatini.

— Mimi nasema ni huu muhuri, — Daktari akaichukua barua, akaiinua juani. — Tazameni hii duara. Humu ndani mna waya. Ukiiweka mezani, wanakusikia mpaka unavyokoroma.

— Wamsikie nani, wewe na redio zako za kukohoa?

— Wananijua! Na huyo afisa wa soko ni mtu wao. Ninyi hamjui, Tume na soko wanachota maji kisima kimoja.

— Dada Pindo, pole sana, — Jaji akamgeukia kwa huruma ya kweli, — lakini walishasema, kikulacho ki nguoni mwako. Na wewe ni fundi nguo. Ungejihadhari.

Pindo hakucheka.

— Kaka zangu, — akasema, — turubai limechanika katikati. Juzi mvua imelowesha sare za shule za watu, nimezifua upya zote kwa mkono. Mimi sitaki maneno. Nataka chumba changu.

Jaji akaweka kikombe chini. Hata Daktari aliirudisha ile barua polepole, ameikunja vizuri.

— Asubuhi nimepiga namba iliyoandikwa hapa chini, — Pindo akaendelea. — Nikawaambia shahidi wangu amelazwa. Wakasema nisiondoke, mtu anakuja.

— Mtu wa Tume aje hapa? — Jaji akaangua kicheko. — Kwenye tofali letu? Ee bwana, huyo akija mimi navua viatu nakula soli!

Hajamaliza kukohoa kicheko chake, dada mmoja akashuka kwenye pikipiki, faili kwapani, viatu vimejaa vumbi. Akatusalimia kwa heshima, mkubwa kwanza. Akasema yeye ni afisa mpokea malalamiko wa Tume ya Maadili, na akauliza Pindo ni yupi. Jaji akaficha miguu chini ya benchi.

— Dada, lalamiko lako halijatupwa, — akamwambia Pindo kabla hata hajakaa. — Kanuni yetu inatukataza kutupa. Likiwa na kasoro tunalirudisha na maelezo ndani ya siku saba, na tukichelewa sisi, kosa ni letu, siku zako zinaongezwa.

— Na mkimpendelea mwenzenu? — Daktari akamchomekea.

— Baba, kila hatua ina tarehe na sahihi. Anayelalamikiwa anapewa nakala ajibu, hata kama ni bosi wangu. Anayesingizia naye anaulizwa. Rasimu ya kanuni hizo tuliibandika ukutani mwezi mzima, watu waandike maoni. Kulikuwa na mama aliyeandika mstari mmoja tu: "Na aliyelala kitandani je?" Hatukuwa tumemfikiria. Sasa ni kanuni ya kumi na mbili: shahidi asiyeweza kuja, tunamfuata aliko. Kwa ajili hiyo niko hapa.

Nakwambia, nilisisimka. Mimi maisha yangu yote ni vigurudumu vidogo, jino la hiki linashika jino la kile, na nilikuwa sijasikia ofisi inayozungumza hivyo. Mama mmoja, mstari mmoja, na watu wazima wakakaa wakabadilisha sheria yao. Nilitamani kumpigia makofi, nikaona haya.

Akafungua faili.

— Tuanze. Jaji ni nani?

— Ndiyo mimi, mwanangu, — Jaji akasema, akalitaja na jina lake la kitambulisho, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kumwona nao.

— Uliona kura ikibadilishwa, au ulisikia?

Jaji akatazama kikombe.

— Nilisikia. Kwa Waziri.

— Daktari?

— Mimi pia... kwa Waziri.

— Basi hamjakosea kitu, ila ninyi si mashahidi wa kuona. Anabaki mmoja. — Akashika kalamu. — Huyo Waziri, jina lake nani?

Jaji akakuna kidevu.

— Waziri, — akasema Daktari.

— La kitambulisho, baba. Hospitali wataniuliza namtafuta nani.

Jaji akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Daktari. Pindo akatutazama sote mmoja mmoja, kisha akakaa chini, palepale kwenye vumbi. Najua Waziri anakunywa kahawa bila kashata. Najua akikasirika anakaza tai. Najua mwanawe wa kwanza alizaliwa siku ya mafuriko. Miaka kumi na moja bega kwa bega, na jina la baba wa watu silijui! Nilijichukia, wallahi.

— Simu yake? — dada akauliza.

— Hana, — nikasema. — Husema simu ni kamba ya mbwa unayojifunga shingoni mwenyewe.

Nilidhani atafunga faili. Ningekuwa mimi, ningelifunga, na kelele juu.

— Sawa, — akasema. — Kanuni inataka jina la shahidi. Haikutaka ninyi mlijue. Uso wake mnaujua?

Tukasimama wote kwa mpigo, benchi likaanguka, kahawa ikamwagika. Hakuna aliyeitazama.

Wodini tulimwona tangu mlangoni: mguu umefungwa plasta, na tai shingoni juu ya shuka la hospitali. Dada wa Tume akatuomba tubaki nje. Kupitia kioo tulimwona akimsogelea, akimwuliza, akiandika, akimsomea polepole alichoandika, kisha Waziri akiweka sahihi. Saa yangu ilisema saa tisa na dakika arobaini na moja. Dada akatoka na kipande cha karatasi, akampa Pindo.

— Hiyo ndiyo namba ya shauri lako. Kuanzia sasa chumba hicho hakikabidhiwi kwa mtu mpaka lisikilizwe. Na jina la shahidi ni siri ya faili.

Pindo akaishika karatasi kwa mikono miwili, akalia tena, safari hii kwa sauti, na wauguzi wakamwacha. Jaji akajikaza, akaingia mpaka kitandani, akainama.

— Ndugu yangu, — akanong'ona, — hivi... jina lako nani?

Waziri akanyoosha mkono, akaigeuza kadi yake ya kitandani ikatazama ukuta. Akakaza tai.

— Miaka kumi na moja hamkuniuliza, — akasema. — Leo ni siri ya serikali.